Kijana Niliyempigia Mstari Mwekundu

Wapendwa walezi mlionipokea kazi, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu miaka yangu na vijana wa parokia yetu hapa Songea. Nadhani mlitaka mambo ya kutia moyo. Yapo, na nitayataja nikiyakuta njiani. Lakini nimeishika kazi hii zaidi ya miaka thelathini, na sasa ninapokaa barazani asubuhi bila mtu wa kunisubiri ukumbini, linalonijia kwanza ni neno moja nililolisema ofisini kwa paroko. Nitalifikia. Sitaki mlisome kabla hamjajua lilikotoka.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimetoka mafunzo ya ukatekista, nina begi moja na woga mwingi. Aliyenipokea ni Mzee Otmar, katekista mkuu wa wakati ule, mtu mwembamba aliyezoea kukohoa kabla ya kusema jambo la maana. Alikuwa na baiskeli isiyo na kengele. Akikaribia watu alikohoa vilevile, nao wakampisha.

Siku ile alinikabidhi daftari kubwa la jalada gumu, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu.

"Mwanangu Winfrida," akaniambia, "daftari hili ndilo jembe lako. Aliyekuja, bluu. Asiyekuja mara tatu mfululizo bila taarifa, unampigia mstari mwekundu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

Akakohoa. "Hujaelewa. Kabla ya mstari kuna baiskeli."

Na kweli, kila alipoona kijana amekosekana mara mbili, Mzee Otmar alipanda baiskeli yake. Alienda mpaka Mpitimbi, alienda Mshangano wakati ule ikiwa mashamba matupu. Alimkuta mmoja anaumwa, mwingine yupo kwenye tumbaku ya mjomba wake, mwingine hana viatu na anaona haya. Kuna mmoja alimkuta amelewa komoni saa nne asubuhi. Akakaa naye mpaka pombe ikamtoka, ndipo wakasali. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akafungua daftari, na mara nyingi hakuandika chochote. Nilidhani amechoka tu.

Mzee Otmar alistaafu akarudi kwao kijijini, na baadaye tukamzika huko kwa heshima zote. Mimi nikabaki na daftari. Mji ukakua. Lizaboni ikajaa nyumba, Mshangano ikaanza kuwa mtaa, vijana wakawa wengi kuliko majina niliyoweza kuyakariri. Baiskeli yake aliniachia mimi, nikaiegesha nyuma ya ukumbi mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye kikapu chake. Kalamu nyekundu haikupata kutu.

Nilikuwa mkali, na nilijivunia ukali wangu. Mtu akinisifu kwamba vijana wangu wana nidhamu, nilirudi nyumbani nikitembea kama nimevaa viatu vipya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana. Mwaka mmoja nilimwita fundi rangi aandike ukutani mwa ukumbi, kwa herufi kubwa: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO. Fundi akaniuliza, "Mama, hii ipo kwenye Injili ya nani?" Nikamwambia apake rangi.

Mniruhusu niseme wazi tuliwafanyia nini vijana miaka ile, maana bado tunawafanyia. Kijana wa kanisa alikuwa mtu wa kubeba viti. Askofu akija, vijana wafagie. Nyumba ya masista ikijengwa, vijana wasombe matofali. Wakimaliza kusomba tuliwaketisha, tukawapa semina ya maadili, na semina yenyewe ilikuwa kuwasomea orodha ya mambo wanayoyafanya vibaya. Wakipungua, tuliitisha kikao cha wazee kujadili kwa nini vijana wa siku hizi hawampendi Mungu. Tulinunua kinanda cha umeme. Wakaja wengi kwa majuma machache, wakakizoea, wakapungua tena. Kipaimara nacho tulikigeuza sherehe ya kuwaaga. Askofu akishawapaka mafuta hatukuwaona mpaka siku mmoja wao anapotaka kufunga ndoa.

Fidelis alikuwa mmoja wa niliowafundisha kipaimara. Mama yake, Mama Kandida, aliuza maharage na dagaa sokoni. Baba yake alikuwa amekwishafariki. Katika darasa lile hakuna aliyekuwa na maswali mengi kama yeye. Siku tuliyosoma habari ya kondoo aliyepotea, aliuliza wale tisini na tisa waliachiwa nani. Nilimwambia asome mbele. Alipiga ngoma vizuri mno. Wazee wa kwaya walinung'unika kwamba anaingiza mapigo ya lizombe, ngoma ya Wangoni, kwenye misa, lakini miguu yao niliiona chini ya mabenchi ikifuata.

Baada ya kipaimara alikuja ukumbini mwaka mmoja hivi, kisha akapata pikipiki ya mtu akaanza kuendesha bodaboda kijiwe cha Lizaboni. Jumapili asubuhi ndiyo saa yenye abiria. Nilimkosa mara moja, mara mbili, mara tatu. Nikapiga mstari. Baiskeli ya Mzee Otmar ilikuwa umbali wa hatua kumi kutoka nilipokaa.

Sasa sikieni jambo hili, maana ndilo linaloniuma. Miaka mitatu iliyofuata, kijana huyu niliyempigia mstari alikuwa analeta watu kanisani. Mabibi wa jumuiya yetu ya mtaani wasioweza kupanda kilima cha kanisa aliwabeba mmoja mmoja, akawashusha mlangoni, akawashika mkono mpaka kizingitini, akarudi kuwachukua wengine. Misa ikianza alikaa nje juu ya pikipiki yake akisubiri kuwarudisha. Nilimwona. Mimi mwenyewe magoti yalipoanza kunisumbua nilipanda pikipiki yake nikiwa na daftari mapajani. "Shikamoo Mama Mlezi," alisema kila mara, "shika vizuri, pale mbele pana shimo." Nilishuka, nikaingia ndani, nikawaandika waliokuja. Haikunipita akilini hata siku moja kwamba na yeye amekuja.

Alikufa siku ya Alhamisi, barabara ya kutoka Mpitimbi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, lori la makaa ya mawe lilikuwa linakuja. Alikuwa peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nyote mnajua utaratibu wetu wa mazishi, lakini anayesoma haya na si wa kwetu ataomba nieleze. Muumini akifa, viongozi wa jumuiya wanampelekea paroko taarifa kama marehemu alikuwa anashiriki. Kwa kijana asiye na ndoa, wakati ule paroko alimuuliza pia mlezi. Akithibitishwa, anaingizwa kanisani na kuombewa misa, na padre anakwenda kaburini. Asipothibitishwa vizuri, anazikwa na katekista bila misa. Asipothibitishwa kabisa, majirani wanasali nyumbani, basi. Watu wanayajua madaraja hayo matatu kuliko wanavyozijua amri kumi, na msiba wa daraja la tatu unasemwa sokoni mwaka mzima.

Paroko wetu, Padre Anselmi, alikuwa mgeni, hata mwaka hajamaliza. Aliniita ofisini Ijumaa asubuhi.

"Mama Winfrida, huyu kijana wa Mama Kandida, jumuiya wanasema hawamwoni kwenye sala. Wewe kwako yupo?"

Nilifungua daftari. Mstari mwekundu ulikuwa palepale, umenyooka, nilitumia rula.

"Hayupo, Padre. Mwaka wa tatu huu."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kumwingiza kijana. Akauliza, "Kabisa?"

Jumapili iliyotangulia nilikuwa nyuma ya mgongo wa kijana huyo kwenye pikipiki. Ningeweza kusema, Padre, daftari linasema hivi lakini mimi namjua. Ningeweza kusema alikuwa na maswali mengi. Nilikuwa na daftari wazi mbele yangu, na miaka yangu yote ya kusifiwa kwa kutopendelea.

Nikasema, "Kabisa."

Ndilo neno lenyewe.

Mama Kandida alipokwenda kuuliza, Padre alimwambia kwamba kwa taarifa alizopata, jumuiya itasali nyumbani. Hakusema taarifa zimetoka kwa nani. Alinisitiri, nami nilikubali kusitiriwa.

Nilikwenda mazishini, maana kutokwenda kungesemwa. Madereva wa bodaboda walikuja kutoka vijiwe vyote vya mji, wamefunga matawi kwenye pikipiki. Palikuwa na jeneza, shimo, na watu wengi wasiojua nani aanze. Mwenyekiti wa jumuiya alisali sala fupi, macho chini. Kisha vijana wale wa bodaboda, ambao nusu yao niliwahi kuwafundisha na nusu hiyo yote ilikuwa chini ya mistari myekundu, wakaanza kuimba. Waliimba nyimbo za kipaimara, zile nilizowafundisha mimi, kwa sauti zote nne, hawakukosea hata ubeti. Wakashusha jeneza wakiimba. Mama Kandida hakulia. Alikuwa anawatazama tu midomo.

Watu walipoanza kutawanyika, kijana mmoja alinisogelea. Alikuwa anaitwa Swalehe, Myao wa Tunduru, aliyekuja mjini kwa kazi hiyohiyo ya pikipiki, na alikuwa amekaa kijiwe kimoja na Fidelis.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Samahani mama, naomba niulize, si kwa ubaya. Sisi kwetu Muislamu akifa, kumsalia ni haki yake juu yetu. Hata kama alikuwa haonekani msikitini, hesabu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Nyie kwenu mnaangalia wapi, mama?"

Nilimjibu kwamba kila dini ina taratibu zake. Akasema, "Sawa mama, nimekuelewa," kwa adabu kabisa. Nilijua hakunielewa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuelewa. Niliona aibu pale makaburini kuliko nilivyowahi kuona aibu maishani.

Baada ya hapo Mama Kandida aliacha kuja kanisani. Binti yake mdogo, Skola, akamtoa darasa la kipaimara. Nilikwenda kwake mara ya kwanza, akaniambia anatoka. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alinikaribisha kigoda, akaniletea maji, akasema maneno ambayo nimeishi nayo: "Wewe angalau unakuja, Mama Mlezi. Yule padre aliyemkataa mwanangu hata hodi hajapiga."

Niliyanywa yale maji.

Hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika, na nataka muelewe kwamba haikubadilishwa na semina wala barua ya askofu. Ilibadilishwa na woga. Niliogopa msiba unaofuata. Nilianza kwenda kijiwe cha Lizaboni Jumanne saa nane mchana, saa ambayo abiria hakuna na vijana wamelala juu ya pikipiki. Mara ya kwanza nilikwenda na daftari chini ya kwapa, wakacheka.

"Jamani, mwalimu kaja kuita majina!" akasema mmoja, Kosmasi, ambaye nilimfundisha darasa moja na Fidelis.

Mara ya pili nililiacha nyumbani. Fundi pancha alinipa tairi kuukuu nikae. Sikuwa na mada. Kwa mtu aliyeandaa mada maisha yake yote, kukaa juu ya tairi bila mada ni sawa na kwenda sokoni bila kilemba. Nikawaambia tu, ulizeni mnachotaka. Kisha Kosmasi akauliza, safari hii bila kucheka:

"Mama, mimi nikifa nitazikwa na nani?"

Wengine wote wakanigeukia. Nikaona kwamba swali hilo walikuwa nalo wote tangu siku ile ya mazishi, na kwamba sisi kanisani tulikuwa tunajadili kinanda.

"Na mimi," nikasema. Ndilo jibu pekee nililokuwa na mamlaka nalo.

Jumanne ziliendelea. Nawapa nilichojifunza, mtachukua kinachowafaa. Kijana haji kwa sababu umemwita. Anakuja kwa sababu umewahi kwenda. Usiende na jibu. Wakizungumzia kubeti, usianze na dhambi, uliza wanafanyaje mkeka ukichanika na pesa ya dau kupotea. Wakisema habari za mahari, nyamaza, maana utasikia yanayowafanya waishi na wasichana bila ndoa, na si uasi kama tulivyowahubiria. Yupo mmoja aliyeniambia kwamba alikuwa amekata tamaa ya kuishi, na alikuwa hajamwambia mtu. Nikampandisha kwenye pikipiki ya mwenzake tukaenda wote watatu hospitali. Yeye leo ana watoto wawili. Haya mambo hayasemwi ukumbini chini ya maandishi makubwa ya ukutani. Niliyafuta maandishi yale mwenyewe, kwa chokaa, nikapaka mara mbili kwa sababu bado yalisomeka.

Swalehe naye alikaa nasi Jumanne zote. Tukianza sala alisogea kando, akapiga sogoa na fundi pancha mpaka tumalize, kisha akarudi kubishana.

Halmashauri ya walei haikufurahi. Mzee Batholomeo, mwenyekiti wetu, alisema kikaoni kwamba nimehamishia parokia kwa wahuni. Nilipoomba ule utaratibu wa taarifa za mazishi ubadilishwe, alisimama kabisa.

"Mama Winfrida, tukizika kila mtu, nani tena atakuja kusali?"

"Basi Mzee wangu," nikamjibu, "hawa wanaokuja sasa, wanamfuata Mungu au wanafuata jeneza?"

Hakunisalimia mwezi mzima. Lakini Padre Anselmi alikuwa amenyamaza kikao chote, na mwisho akasema kwamba kuanzia siku ile daftari la vijana litageuzwa. Hatutaandika tena nani amekuja. Tutaandika nani ametembelewa, lini, na nani amemtembelea. Nafasi ikibaki wazi, aliyekosa ni mlezi. Ndilo daftari mlilolirithi, na najua mnalilalamikia kwa sababu linawaumbua. Liacheni liwaumbue.

Padre Anselmi alihamishwa baada ya miaka michache. Lizaboni walimsindikiza kwa ubaridi. Walisema ni padre mwenye roho ngumu, yule aliyemnyima misa mtoto wa mjane. Nilikuwepo aliposhika begi lake. Nilimshika mkono nikamtakia safari njema, na zaidi ya hapo sikusema.

Baada ya ziara zangu nyingi, wakati huo Mama Kandida alikuwa amerudi kanisani. Skola akapata kipaimara, akaingia kwaya. Watu waliniambia, "Mama Mlezi, umemrudisha yule mama." Niliitikia kwa kichwa. Kila Jumapili alikaa benchi la tatu upande wa akina mama, karibu na mimi, na wakati wa kutakiana amani alinipa mkono kwa mikono yote miwili.

Mlipoandaa ile hafla ya kuniaga mnakumbuka alivyosimama. Alinivisha kitenge mabegani, akageukia ukumbi mzima, akasema, "Huyu mama, padre alipomkataa mwanangu, yeye ndiye aliyekuja kwangu. Mungu amlipe." Mlipiga makofi na vigelegele. Wengine mlilia, mkadhani na mimi ninalia kwa furaha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa uani, anapepeta maharage kwenye ungo. Sikukubali kukaa. Nikamwambia, "Mama Kandida, Padre Anselmi hakumkataa Fidelis. Aliniuliza mimi. Niliyesema hayupo ni mimi. Aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilisema hayupo."

Aliendelea kupepeta kidogo, mikono tu, kisha akaweka ungo chini.

"Jumapili ile ya mwisho," akasema, "nani alikuleta kanisani?"

"Yeye."

"Najua ni yeye. Alirudi nyumbani akaniambia, mama, leo nimempeleka Mama Mlezi na njia yote ni tope, nimemfikisha hana hata tone. Alikuwa anajisifu. Alikula anajisifu."

Alinitazama kwa muda, na sikuona hasira, ningependa ingekuwa hasira.

"Umemwacha yule padre ahukumiwe mji mzima," akasema. "Na mimi umeniacha nikushukuru. Jana nimekushukuru mbele za watu."

"Nisamehe, mama."

"Hayo ya kusamehe niache nayo. Mimi niliambiwa mwanangu si wa kanisa, nikaambiwa na kila mtu, mpaka sokoni. Wewe umekuja kuniambia uani, tuko wawili na kuku. Nenda kaseme pale ulipopaswa kusema."

Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Mchana nilimpigia simu Padre Anselmi huko aliko. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi kwa miaka niliyomwacha abebe mzigo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mama Winfrida," akasema, "usiuchukue wote, na mimi nibakizie. Mtu amekufa, mama yake yuko nje anangoja, nami nikaita daftari." Kisha akaniuliza hali ya magoti yangu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilimwomba paroko wetu wa sasa dakika mbili. Mlikuwepo wengine, lakini wengi mlikuwa nje mkisimamia watoto, kwa hiyo nawaandikia nilichosema. Nilisema: Fidelis, mtoto wa Mama Kandida, alikuwa kijana wa parokia hii mpaka siku aliyokufa. Alileta watu kanisani kuliko mimi. Aliyesema si wetu hakuwa Padre Anselmi, alikuwa ni mimi, nami nilikuwa najua ninachosema. Nilikuwa nimeshika mimbari. Mzee Batholomeo alivua miwani akaifuta muda mrefu. Hakuna aliyepiga makofi, na nilishukuru.

Nilirudi kwenye benchi la tatu. Jumapili ile kutakiana amani kulikuwa kumeshapita, kwa hiyo sikujua nimesimama wapi. Jumapili ya pili, ulipofika wakati wenyewe, Mama Kandida aliwapa mkono waliokaa kulia kwake na waliokaa kushoto kwake, akampa hata mtoto aliyekaa nyuma, mimi akaniruka. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemruka mwanawe kwa miaka mitatu.

Paroko ametangaza kwamba mwezi ujao ataongoza misa kaburini kwa Fidelis, na madereva wa bodaboda wameomba wao ndio waimbe. Swalehe ameuliza kama anaweza kuja. Nimemwambia ni lazima aje.

Jumapili iliyopita nilikaa tena palepale. Padre akasema tutakiane amani. Nilishika kitabu changu cha nyimbo kwa mikono miwili ili nisionekane ninasubiri. Mama Kandida aligeuka. Alinyoosha mkono, mmoja, akanishika kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Hatukusema amani ya Kristo kama wengine. Alisema, "Fidelis."

Nikamjibu, "Fidelis."